Jiwe Aliloliita Griftu

Ratili moja ya sukari ndiyo iliyonimaliza.

Nilikuwa nimeshavumilia mengi. Nilivumilia kafyu. Nilivumilia kupangwa mstari juani na mtoto mgongoni, nikimngoja askari asome karatasi zangu huku amezishika juu chini. Nilivumilia mume wangu kuendesha lori katika msafara wa jeshi, wiki nzima nisijue kama yu hai. Nilinyamaza, kwa sababu kila mtu mjini alikuwa amenyamaza. Halafu asubuhi moja nikaenda dukani hapa Garissa na binti yangu Hodan. Mwenye duka akapima sukari, akachukua karatasi kutoka kwenye rundo, akaizungusha ikawa kama pembe, akamimina.

Nilipofika nyumbani nikaimwaga sukari kwenye kopo, nikaona mwandiko wangu.

"Hatua ya 207. Griftu inakaribia. Eldas imetulia mbele." Chini ya maneno yangu zilisimama safu za tarakimu za Mwalimu, ndogo, wima, na katikati ya ukurasa lilikuwepo duara la kitako cha kikombe chake cha chai.

Nilirudi dukani nikikimbia. "Eeddo, shangazi, karatasi hii umeitoa wapi?"

"Karatasi ya kufungia? Tarishi analeta, kila wiki. Nini, abaayo, dada yangu, sukari iko na mchanga?"

"Tarishi wa wapi?"

Akanyoosha kidevu kuelekea ukuta mweupe wa ofisi ya usalama, haraka, kisha akajifanya anapanga viberiti. "Bole," akasema, pole kwa lafudhi yetu. Hakuuliza tena.

Mjue maana yake. Karatasi ile ilitoka katika daftari lililochukuliwa kama siri ya vita. Kwa ajili ya daftari hilo mzee wa watu, huyo Mwalimu, alikuwa amefungwa miezi saba. Na siri yenyewe ya vita sasa inafungia sukari! Nilisimama pale dukani nikapiga kelele mpaka Hodan naye akaanza kulia, na watu waliokuwa wakipita na punda wa maji wakasimama. Kisha nikaenda nyumbani kutafuta kalamu.

Nitasema nilichoandika. Lakini kwanza huyu mtu lazima ajulikane, maana katika faili lao ameandikwa vibaya.

Jina lake silitaji. Mama mkwe wake anaishi ua wa pili kutoka kwetu, na kwa mila yetu mkwe na mama mkwe hawatajani majina wala hawatazamani usoni. Yeye humwita "yule". Miaka yote niliyokaa jirani nao nimesikia "yule" kuliko jina, na mimi nilimwita Mwalimu kama mji mzima ulivyomwita. Inatosha.

Alifundisha hesabu. Hakuwahi kumpiga mtoto, lakini alikuwa na ulimi. Ukikosea jambo dogo alikuwa akisema, "Kosa lako ni zuri, lina afya, lakini halina kazi hapa." Ukikosea kwa uvivu hakusema kitu. Alifuta ubao wote, hata zile sehemu ulizopatia, akakurudishia chaki. Mimi nilifutiwa ubao mara mbili, na ya pili nililia. Baada ya hapo sikufanya uvivu tena katika hesabu, na ndiyo sababu nilikwenda sekondari nje ya mkoa wakati wasichana wenzangu wote walikuwa wameshaolewa. Yeye ndiye aliyekwenda kuzungumza na baba. Alikwenda mara sita. Ya saba baba alikubali ili tu mtu huyu aache kuja kumaliza chai yake.

Alikuwa bahili wa karatasi, Mungu shahidi. Aliandika mpaka pembeni kabisa, akageuza daftari, akaandika kwa kukatisha. Penseli aliichonga kwa wembe pande zote mbili. Lakini maziwa hakuyahesabu. Alikuwa na ngamia mmoja tu wa maziwa aliyetunzwa na jamaa zake ng'ambo ya mto, na maziwa yakiletwa aliyagawa kabla hajaonja. Nilipojifungua Hodan alinitumia chombo kizima, na ujumbe: "Kunywa, halafu uje, tuko nyuma kwa hatua kumi na nne."

Hizo hatua ndizo zilizomfunga, kwa hiyo nitazieleza, na nitazieleza kama alivyonieleza mimi.

Kuna sayari iitwayo Mshtarii, kubwa kuliko sayari nyingine zote. Hulizunguka jua kwa miaka kama kumi na miwili. Katika njia yake hiyohiyo kuna mawe. Si miezi yake. Ni mawe yanayojiendea, yamegawana njia na mkubwa: mengine yametangulia mbali mbele, mengine yanafuata mbali nyuma. Mwalimu alilisoma hilo katika jarida kuukuu lililoachwa shuleni na mwalimu wa Kizungu aliyerudi kwao. Likamkaa kichwani. Je, jiwe likiwekwa mahali pengine katika njia ile, litafanya nini? Litabaki? Litagonga? Litatupwa nje?

"Ng'ambo wana mashine," aliniambia. "Kompyuta. Kubwa kama ghala la mahindi ya msaada. Unaipa jiwe la kutunga, inalitembeza miaka elfu kabla chai yako haijapoa."

"Na sisi?"

"Sisi hatuna ghala. Tuna jamvi."

Basi tukawa kompyuta, mimi na yeye, juu ya jamvi, kwenye baraza lake. Tulitunga mawe mawili. Tulilipangia kila moja mahali pake njiani na mwendo wake. Kisha tukauliza: jua linalivuta kiasi gani, Mshtarii analivuta kiasi gani, na baada ya miezi minne ya huko juu litakuwa limefika wapi? Tunaandika. Kutoka hapo tunauliza tena. Hiyo ndiyo hatua moja. Kwa majedwali ya logi, hatua moja ilichukua asubuhi nzima kama Hodan amelala, na siku mbili kama anaota meno.

Na kulikuwa na utaratibu. Mwalimu hakuamini hesabu ya mtu mmoja, hata yake mwenyewe. Kila mmoja wetu alifanya hatua yake peke yake, tumepeana migongo, bila kusemezana. Ukimaliza unaandika jibu chini, unalifunika kwa kiganja. Wote wawili tukishafunika, yeye husema "Bismillahi," tunafunua pamoja. Yakilingana tunasonga. Yakitofautiana hakuna anayeulizwa amekosea wapi. Wote tunaanza upya.

"Mbona mimi nianze upya na wewe ndiye umekosea?" nilimwuliza mara moja.

"Umejuaje ni mimi?"

Sikujua. Tulianza upya. Alikuwa ni yeye, na alifurahi kama mtu aliyepata ngamia wake aliyepotea.

Mawe aliyapa majina ya mahali alipowahi kuwafundisha watoto wa wafugaji alipokuwa kijana, huko Wajir: moja Eldas, jingine Griftu. Nilimwuliza kwa nini asiyaite tu la kwanza na la pili. Akasema jiwe lisilo na jina unalionea usingizi. Eldas lilikuwa jepesi, lilikaa mbele ya Mshtarii likiyumba taratibu hapo hapo, kama ngamia aliyefungwa miguu anayekula majani. Griftu ndilo lililotupa kazi. Lilianza upande mmoja, likazunguka njia karibu yote kwenda upande wa pili, na sasa lilikuwa linamkaribia Mshtarii kwa nyuma, kila hatua karibu zaidi. Mimi nilisema litagonga. Yeye alisema litageuka.

"Mkubwa analivuta," nilimwambia. "Litageukaje na linavutwa?"

Hakunijibu kwa tarakimu. Aliniambia nitazame njiani.

Mama mkwe wake alikuwa anatoka dukani na fimbo yake. Mwalimu alisimama, akajifanya anakwenda msikitini, akashika njia ileile. Walikuja wakikaribiana. Hatua thelathini. Hatua ishirini. Hapo Mwalimu akapunguza mwendo, akainamisha kichwa, akageuka kwa adabu, akarudi alikotoka. Bibi naye hakuinua macho. Hakuna aliyemfukuza mwenzake. Waliishi hivyo tangu siku ya ndoa, na mkewe alipofariki hawakubadilisha kitu. Kila asubuhi Mwalimu aliacha maziwa kwenye mlango wa bibi, akakohoa mara moja, akaondoka. Bibi alingoja kikohozi kiishe ndipo afungue.

"Umeona?" akasema akikaa tena jamvini. "Heshima ndiyo imenivuta, na hiyo hiyo ndiyo imenirudisha."

Baadaye alinionyesha kwa hesabu: mkubwa anapolivuta jiwe mbele analipa nguvu, nguvu inalipandisha kwenye njia pana zaidi, na kwenye njia pana mwendo ni wa polepole, kwa hiyo linabaki nyuma. Kuvutwa ndiko kunakolichelewesha. Nilifanya hesabu hiyo mara tatu nikiwa na hasira, nikitafuta kosa.

Watu wanadhani alikuwa mtu wa kutazama nyota. Hakuwa. Macho yake yalikuwa na ukungu, na tangu kafyu ianze hakuna aliyekaa nje jua likishatua. Mshtarii mwenyewe hakuwa amemwona miaka mingi. "Sina haja ya kumwona," alisema. "Najua alipo."

Kwa sababu ya macho hayo akaniomba niandike maneno machache juu ya kila ukurasa, kwa herufi kubwa, apate kujua tulipofika. "Andika kama unamweleza mtu aliyechelewa," aliniambia. "Na uandike kwa Kiswahili, si Kisomali, ili hata mgeni akija aweze kusoma."

Niliandika. Griftu inakaribia. Eldas imetulia. Griftu imeongeza mwendo. Hatua ya 211: Griftu iko karibu sana, tungoje.

Na mgeni akaja, akasoma.

Walikuwa wanapekua nyumba mtaa mzima asubuhi ile, wakitafuta bunduki. Kwa Mwalimu hawakupata bunduki. Walipata madaftari manane yenye majina ya miji ya Wajir, nani amekaribia, nani ametulia, na maduara ya hudhurungi. Maduara yalikuwa ya chai! Upepo wa hapa hauachi karatasi itulie, naye alikiweka kikombe juu ya ukurasa kama jiwe la kuzuia, kwa hiyo chai yake ilipoa kila siku na kila ukurasa ukapigwa muhuri. Ofisa alihesabu maduara. Akasema ni kambi.

Mimi nilikuwa mlangoni kwangu, Hodan akinyonya. Nilitaka kusema. Sikusema. Niliona bunduki, nikamwona mwanangu, nikafunga mdomo. Nitaandika hilo hapa kwa sababu ni kweli.

Aliyetoka ni bibi. Alikuja na fimbo yake mpaka katikati ya askari, akasimama mbele ya mkwe wake, karibu kiasi cha mkono. Tangu Mwalimu amwoe binti yake hakuwahi kusimama mbele yake. Mwalimu alipomwona akajifunika uso kwa shuka yake, akainamisha kichwa. Askari mmoja akapiga kelele, "Anaficha uso! Mwone, anaficha uso!" Akamnyang'anya shuka, akamwinua kidevu kwa nguvu, amtazame bibi. Bibi akamtazama. Machozi yakamtoka Mwalimu, si kwa kuogopa jela. Alikuwa anaona aibu mbele ya mama mkwe wake, na katika watu wale wote wenye bunduki hapakuwa na mmoja aliyejua anaona nini.

Kesho yake asubuhi bibi alikaa nyuma ya mlango wake mpaka jua likawa kali. Hakuna aliyekohoa. Nilimpelekea maziwa mimi, lakini sikujua jinsi ya kukohoa.

Nilianza tena hesabu baada ya mwezi. Daftari hawakuniachia hata moja, ila mstari wa hatua ya 211 ulikuwa kichwani kwangu, kwa kuwa siku ile tulikuwa tumetofautiana mara tatu. Nilifanya hatua ya 212 nyuma ya kalenda. Sikuwa na mtu wa kupeana naye mgongo. Kila hatua nilifanya mara mbili, ya kwanza kama mimi, ya pili nikijaribu kuwa yeye.

Mume wangu alirudi akanikuta na kalenda. "Mama Hodan, hicho ndicho kilichomfunga mzee."

"Najua."

"Na bado unakifanya."

"Jiwe halijageuka," nikamwambia. Alikunywa chai yake. Ni mtu mwema, anajua lini aninyamazie.

Siku kumi na mbili kabla ya ile sukari nilipata ruhusa ya kumwona. Ni kwenye uzio wa waya, nje ya mji, robo saa, hakuna kupeana kitu. Nilijua watanipekua, kwa hiyo usiku wa hina ya shangazi yangu nilijipaka mikono yote miwili kama mke yeyote, na katikati ya maua ya kiganja cha kulia niliandika jibu langu. Askari wa mlangoni, kijana wa bara, alinikagua.

"Karatasi?"

"Karatasi gani? Tazama." Nikamwonyesha mikono. Akaitazama, akasema imependeza.

Mwalimu alikuwa amekonda. Walimnyoa ndevu, na kidevu chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Alinisogelea mpaka akanitambua.

"Hodan?"

"Ana meno sita."

"Bibi?"

"Anaswali. Anakuita yule, kama kawaida."

Akacheka. Kisha akanieleza walivyomhoji. Walimwuliza, mkubwa ni nani. Akawaambia Mshtarii. Wakaandika. Wakamwuliza anaishi wapi, akawaambia ni mbali sana. Ana watu wangapi? Akawaambia wengi, wametangulia na wengine wanafuata. "Niliwajibu kweli tupu," akasema. "Nadhani wanamtafuta mpaka leo." Kisha uso wake ukabadilika, akaonekana mzee. "Abaayo, uliendelea?"

"Niliendelea."

"Liligeuka?"

"Sikwambii. Weka kiganja."

Alinitazama kwanza, hakuamini. Halafu akachuchumaa polepole, akiushika waya, akaandika kwa kidole mchangani, akafunika. Kumbe naye, bila jedwali, bila penseli, miezi saba, alikuwa akilitembeza jiwe lile lile kutoka mstari ule ule.

"Bismillahi," akasema.

Tukafunua. Mchangani mwake, hatua ya kugeuka: 219. Kiganjani mwangu: 221.

Askari alikuja mbio. "Mnafanya nini hapo?" Akaziona tarakimu mchangani. "Mzee anahesabu siku zake," akasema, kwa sauti nyingine. "Hata mimi nahesabu. Ni mia tatu na kumi tangu nitoke nyumbani." Akaondoka, akatuachia dakika ambazo hazikuwa zetu.

"Tumetofautiana," nilimwambia. Nilitaka kulia. "Mmoja wetu amekosea."

"Hatua mbili. Miezi minane." Alikuwa anatabasamu na kidevu chake kipya. "Lakini limegeuka, abaayo. Kwako limegeuka na kwangu limegeuka. Tunagombania lini tu." Akafuta mchanga kwa kiganja, safi, kama alivyofuta ubao. "Nikitoka tutaanza upya. Wote wawili."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia. Siku kumi na mbili baadaye nikanunua sukari.

Bibi alinikuta ninaandika. Nikamsomea kwa Kisomali. Akauliza kama kwa maneno haya watanifunga, nikasema sijui. Akasema, "Niweke na mimi." Hii ndiyo nakala. Ya kwanza niliikabidhi mwenyewe juu ya meza yao, na sikutoka mpaka ikagongwa muhuri.

*

Kwa Mkuu wa Ofisi.

KUHUSU: MALALAMIKO JUU YA MWALIMU MNAYEMSHIKILIA, NA MADAFTARI MANANE.

Bwana,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mkazi wa Garissa, nimesoma hadi kidato cha nne. Ninalalamika kama ifuatavyo.

Mtu huyo mnamshikilia kwa sababu ya maneno yaliyomo katika madaftari hayo. Tarakimu ni zake. Maneno si yake. "Griftu inakaribia" niliandika mimi, na "Eldas imetulia", na mengineyo yote. Mkitaka kuhakikisha, linganisheni na mwandiko wa barua hii. Ningelisema siku mliyokuja, lakini niliogopa. Sasa siogopi sana.

Griftu na Eldas humo ni mawe ya kutunga. Mshtarii ni sayari. Maduara ni chai. Mleteni mwalimu yeyote wa hesabu kutoka popote mtakapo, akae nami siku moja, nitamwonyesha hatua moja tangu mwanzo hadi mwisho, naye aikague.

Ninaambatanisha ukurasa wa hatua ya 207, niliofungiwa sukari dukani wiki hii, ukiwa umetoka ofisini kwenu. Chembe zilizoshika pembeni ni sukari. Kama ukurasa huu ni ushahidi, kwa nini uko dukani? Na kama si ushahidi, kwa nini yeye yuko ndani? Naomba jibu la moja kati ya maswali haya mawili, kwa maandishi.

Naomba aachiliwe. Naomba madaftari yaliyobaki yarudishwe kabla hayajaisha.

Jina lake mnalo kwenye kitabu chenu, sina haja ya kuliandika. Shahidi wangu naye hawezi kulitaja, kwa kuwa ni mama mkwe wake. Amemwona uso mara moja tu maishani, siku ile askari wenu alipomwinua kidevu, na anaomba iandikwe kwamba hamkupaswa kufanya hivyo. Hajui kuandika. Hiki hapa chini ni kidole gumba chake.